Keekee ya Fundi wa Zamani

Katika nyumba za pwani, sanduku la marehemu fundi seremala aghalabu hukaa pembeni mpaka siku ya kusafisha nyumba, na hapo baadhi ya zana hutiwa jikoni kuwa kuni. Keekee, chombo cha kutobolea mbao, huponzwa na umbo lake: vipande vyake vikitengana, havionekani kuwa na kazi yoyote.

Mwenye kukuta kijiti cha mviringo kilichochongwa kwa mkono na akitazame kwa makini. Kikiwa kimelika katikati kwa kuzungushiwa kamba, huo ni msukano. Juu yake hukaa jivu, yaani mpini wa kushikia; chini huingia chuma. Uta wa kuuzungushia mara nyingi haupo tena, kwa kuwa watoto wamekwisha kuuchezea.

Ushahidi mkubwa ni ncha ya chuma. Imefuliwa bapa na kunolewa kingo zote mbili, maana uta huenda na kurudi, na chuma hukata kila upande kinapozunguka. Kwa keekee waundaji wa majahazi wa Lamu walitoboa mbao kabla ya kupigilia misumari, zisipasuke.

Kutu isisuguliwe kwa msasa, alama za nyundo ya mhunzi zisije zikafutika.