Mfundishe Mtamba Wako Kusimama Barabara

Wafugaji wengi wanaotaka kupeleka ng'ombe kwenye maonyesho ya ukulima huuliza juu ya chakula na kuosha. Ni wachache waulizao jambo hili: je, mnyama wangu atasimama? Somo la mwezi huu linahusu jambo hilo.

Mwaka mmoja nilikuwa karani wa mwamuzi katika maonyesho ya kwetu, kazi yangu kuandika alama. Waliletwa mitamba saba wa gredi. Mmoja wao alikuwa wa mama mmoja mjane, na hata mimi nisiye mwamuzi niliona kwamba hana wa kulingana naye: mgongo umenyooka, mbavu pana, miguu imara. Lakini mtamba yule alikuwa hajapata kufungwa kamba kabla ya asubuhi ile. Alipoona watu wengi alimburura kijana wa mama yule mpaka kwenye ua. Mwamuzi alijaribu kumkaribia mara tatu, kisha akaniambia, "Siwezi kumpa alama mnyama nisiyeweza kumtazama." Akawa wa mwisho. Mnunuzi aliyekuwa ameuliza bei yake akaenda kununua mwingine, na fedha zile ndizo mama alizozitegemea kwa karo ya shule. Ng'ombe alikuwa mzuri. Kilichopungua ni kazi ya dakika 15 kila siku.

Wakati wa kuanza. Samaki mkunje angali mbichi. Ndama wa miezi mitatu au minne huweza kuzuiwa na mtu mmoja, lakini mtamba wa mwaka mmoja na nusu hukupeleka atakako. Ikiwa wako ni mkubwa tayari, anza miezi mitatu kabla ya maonyesho, wala usikate tamaa.

Hatua ya kwanza: hatamu. Tumia hatamu ya kamba au ya ngozi. Kipande cha puani kilale katikati ya macho na matundu ya pua. Kikishuka mno kitambana pumzi. Kamba ya kumwongozea itokee upande wa kushoto wa kichwa. Usimfunge kwa kitanzi cha shingoni, maana akivuta atajinyonga.

Hatua ya pili: kufungwa. Mfunge kwenye nguzo imara. Kamba iwe fupi, ifungwe juu sawa na kichwa chake, na fundo liwe la kufunguka ukilivuta mara moja. Siku ya kwanza dakika 15 zatosha, kisha ongeza kidogo kidogo. Usimwache peke yake. Mpige brashi na useme naye kwa sauti ya upole. Kumbuka kwamba macho ya ng'ombe yako pande mbili za kichwa. Huona karibu pande zote, ila nyuma yake kabisa haoni. Kwa hiyo usimjie kimya kutoka nyuma.

Hatua ya tatu: kutembea. Simama kushoto mwa kichwa chake, uvute kidogo. Akipiga hatua moja tu, legeza kamba papo hapo. Kulegea kwa kamba ndiyo zawadi yake. Ukiendelea kuvuta hata baada ya yeye kutii, atajuaje kwamba ametii? Tena usiizungushe kamba mkononi mwako, kwa sababu akiruka inaweza kukuvunja vidole au kukuburura.

Hatua ya nne: kusimama. Tafuta mahali palipo sawa, au mahali ambapo miguu ya mbele itakuwa juu kidogo kuliko ya nyuma. Miguu ya mbele ilingane. Ya nyuma isilingane kabisa: kwa mtamba ambaye hajazaa, mguu ulio upande wa mwamuzi uwe nyuma kidogo kuliko mwenzake. Kichwa kiwe juu na mgongo unyooke. Ukitaka arudi nyuma, sukuma hatamu taratibu kuelekea kifua chake, na kwa vidole vya mkono wa pili ubonyeze ncha ya bega. Ukitaka aende mbele, mvute kidogo tu. Usimpige teke kwato ili aisogeze. Akisimama barabara, hesabu moja mpaka kumi, umsifu, umtembeze. Kesho hesabu mpaka ishirini. Ikifika wiki ya mwisho awe anaweza kusimama dakika kadhaa bila kuhangaika.

Hatua ya tano: wageni. Mwombe jirani avae koti jeupe, amzunguke mtamba na kumgusa ngozi ya mbavu na kiuno. Waache watoto wacheze karibu, na redio ilie. Mtu atakayemshika siku ya maonyesho ndiye amfundishe nyumbani.

Jihadhari na hasira. Fimbo humfundisha ng'ombe kukuogopa wewe, haimfundishi kusimama. Ukiona hasira inakupanda, mfungue hatamu, mrudishe zizini, ukanywe chai. Kesho ipo.

Kabla ya safari nenda kwa Bwana Mifugo upate kibali cha kumhamisha mnyama, na umwulize kama chanjo zake zimetimia. Bila kibali usimtoe.

Labda utasema, "Mimi siendi kwenye maonyesho." Hata hivyo somo hili lakufaa. Ng'ombe aliyezoea kushikwa hachomwi sindano kwa vita, hunyunyiziwa dawa ya kupe bila taabu, na siku atakapozaa, mkamuaji hatamwaga maziwa.

Mama yule alirudi mwaka uliofuata na mtamba mwingine. Hakuwa mzuri kama yule wa kwanza, lakini alisimama kama nguzo, na mimi mwenyewe nikamwandika wa tatu. Aliuzwa kabla ya saa tisa.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini kamba ilegezwe mara mnyama anapotii?
2. Mguu upi wa nyuma wa mtamba uwe nyuma, mwamuzi akiwa upande wa kulia?
3. Kwa nini haifai kuzungusha kamba mkononi?