Jinsi ya Kuzibadilishanisha Faili Mbili Yaliyomo kwa Lugha ya C

Tuchukue mfano wa mwalimu wa jiografia anayetunza vipimo vya mvua katika faili mbili za kompyuta, kibaha.txt na kisarawe.txt. Siku moja anagundua kuwa vipimo vya Kibaha vimo katika faili ya Kisarawe, na vya Kisarawe vimo katika faili ya Kibaha. Atarekebishaje kosa hili bila kupoteza tarakimu hata moja?

Mwenye kikombe cha chai na kikombe cha maziwa, akitaka kubadilishanisha, huhitaji kikombe cha tatu kilicho kitupu. Kanuni ya faili ni hiyo hiyo, ila hatari yake ni kubwa zaidi. Katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuifungua faili kwa fopen na alama "w" hufuta yote yaliyomo papo hapo, kabla hujaandika herufi yoyote. Kwa hiyo fuata utaratibu huu:

1. Nakili kibaha.txt katika faili mpya, akiba.txt.
2. Nakili kisarawe.txt katika kibaha.txt.
3. Nakili akiba.txt katika kisarawe.txt.
4. Hakikisha kila hatua imefaulu, ndipo uifute akiba.txt.

Kiini cha kunakili ni hiki:

int h;
while ((h = fgetc(chanzo)) != EOF)
    fputc(h, lengo);

Angalia kuwa h ni int, wala si char. Sababu ni kwamba fgetc hurudisha ama herufi ama EOF, yaani alama ya mwisho wa faili, na alama hiyo sharti itofautiane na herufi zote.

Sasa pima utaratibu wetu. Programu ikikatika katika hatua ya pili, vipimo vilivyokuwamo katika kibaha.txt bado vimo katika akiba.txt, na kisarawe.txt haijaguswa. Hakuna wakati ambapo vipimo vyovyote vinakosa nakala kamili.

Iko pia njia fupi: kubadili majina kwa rename mara tatu, kwa mpangilio huo huo. Hapo hakuna herufi inayohamishwa. Lakini hakikisha kwanza kuwa hakuna faili nyingine iitwayo akiba.txt, kwani huenda ikapotea.

Zoezi: Mwanafunzi ameanza na hatua ya pili. Ni vipimo vya faili ipi vilivyopotea, na kwa nini?