Kiti cha Umeme Kikizima, Usikifungie Chumbani

Kiti cha magurudumu cha umeme kikigoma Likoni au Kisauni, wengi hukifunika shuka wakingoja fundi wa muuzaji atoke Nairobi. Kasoro nyingi fundi mzuri wa tuktuk anaziweza, mradi awe na mita.

Kwanza tazama kishikio cha pembeni mwa mota, kile kinachoruhusu kiti kusukumwa kwa mkono. Kikiachwa wazi, taa zitawaka na kiti hakitaenda. Mtoto akikichezea, umelipa fundi bure.

Halafu betri. Viti vingi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12. Chaji usiku kucha, chomoa, ngoja saa chache, upime kila moja peke yake. Nzima husoma karibu 12.7. Ikiwa chini ya 12, au ikiporomoka pale tu kiti kinapopanda mlima, imekwisha. Badilisha zote mbili, maana chakavu itaiua mpya. Betri ya gari kataa, hata fundi akiapa: imeundwa kuwasha injini, si kumbeba mtu kutwa, na ile ya maji humwaga asidi kiti kikiinama. Tafuta betri kavu ya jeli yenye ukubwa uleule na ampea zilezile.

Anayevuka feri kila siku apambane pia na chumvi. Tenganisha betri, safisha vichwa vyake na plagi zote, kausha, paka vichwa vaselini. Mota ikikoroma au ikikatakata, huenda kaboni zimelika. Mpelekee fundi anayesuka mota.

Taa za joistiki zikimetameta, hesabu. Idadi hiyo hutaja kasoro, lakini tafsiri yake imo kwenye kitabu cha kiti, na kontrola yenyewe mara nyingi hurekebishwa kwa programu ya kampuni pekee. Hapo ndipo mafundi wetu hufungiwa mlango. Jimbo la Colorado, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2022, ikaanza kutumika Januari 2023, kuwalazimu watengenezaji kutoa vipuri, programu na miongozo kwa wenye viti na mafundi huru. Hapa Kenya, Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia, vipuri hakivitaji.

Basi ziba pengo hilo kabla ya kulipa, au kabla ya kupokea msaada: dai kwa maandishi kitabu, orodha ya kasoro, mahali pa kupata vipuri, na jina la atakayeirekebisha kontrola. Muuzaji akisitasita, nunua kwingine. Na fundi asichomoe waya wowote kabla hujaupiga picha kwa simu.