Barzilai Arudi Kwake

JUMANNE

Soma 2 Samweli 17:27–29 na 19:31–39. Barzilai alitoa sababu gani za kukataa mwaliko wa mfalme? Daudi alimjibuje?

Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu, mzee wa Rogelimu alikuwa miongoni mwa waliomletea huko Mahanaimu vitanda, vyombo, ngano, asali na kondoo. Vita vilipokwisha, Daudi alitaka kulipa fadhila. Akamwalika mzee huyo avuke Yordani, akae Yerusalemu, atunzwe na mfalme mwenyewe. Nani angekataa? Barzilai alikataa. Alikuwa na miaka 80. Hafichi udhaifu wake: chakula hakimpi ladha, wala masikio hayafaidi tena waimbaji. Lakini anajua anachotaka, yaani kurudi mjini kwake, lilipo kaburi la baba na mama yake.

Daudi hakubishana naye. Alimbusu, akambariki, na mzee akarudi kwake. Wala hakumsahau. Miaka mingi baadaye, akiwa karibu kufa, alimwagiza Sulemani awatendee wema wana wa Barzilai (1 Wafalme 2:7).

Wengi wetu tunasoma 1 Timotheo 5:4, 8 na kuharakisha kumleta mama mjini. Mimi nilifanya hivyo. Mama alipotimiza miaka 79 tulimtoa Upare, tukampa chumba kizuri Dar es Salaam. Hakuruhusiwa kuinua hata ndoo. Yeye aliyezoea kupanda mlima kwenda kanisani akawa anashinda kwenye kochi. Baada ya miezi mitano alihitaji kushikwa mkono ili anyanyuke. Tulidhani ni uzee. Kwa sehemu kubwa ulikuwa upendo wetu! Misuli isiyotumika hudhoofu, na kwa mzee hudhoofu upesi zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli kama kutembea kwa haraka kiasi, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi. Mama alikuwa akiyapata shambani bila kuyahesabu.

Hata hivyo, tusisahau kwamba Barzilai alikuwa tajiri (19:32). Mama hana watumishi. Kwa hiyo kabla ya kumrudisha tulimtuma fundi. Mzee huweza kuanguka usiku akienda chooni, na nyonga ikivunjika, wengi hawarudii tena mwendo wao wa kwanza. Fundi aliweka bomba la kushikilia chooni na kusawazisha kizingiti. Tukaweka taa ya sola, tukaondoa mkeka unaoteleza. Kiu hupungua uzeeni, hivyo chupa ya maji iko pale anapoota jua asubuhi; hatungoji aseme ana kiu. Dada mmoja wa Dorkasi humpitia kila Jumatano. Nakiri kwamba ni yeye, wala si sisi watoto tunaopiga simu kila jioni, aliyegundua kuwa mama alikuwa akiacha vidonge vya presha siku anazojisikia vizuri. Presha ikipanda, mara nyingi haiumi, na kwenye simu kila kitu ni "salama tu, mwanangu".

Itafika siku asipoweza. Mzee anayepotea njia ya kwenda kwake, au anayesahau moto jikoni, haachwi peke yake kwa kuwa tu alisema hahami. Tulikaa na mama tukakubaliana mapema nani atahamia kwake, na kama haitawezekana, yeye atakwenda kwa nani. Mazungumzo hayo yalikuwa mazito kuliko yale ya shamba na mirathi. Lakini neno la kwanza lilikuwa lake.

Jadilini darasani:

Soma Marko 7:9–13. Watu wa wakati wa Yesu walikwepa kuwatunza wazazi kwa kusema mali yao ni Korbani. Je, maneno "mama mwenyewe anapenda kukaa kijijini" yanaweza kuwa Korbani yetu? Mtajuaje tofauti?

Ni nani katika kanisa lenu amepita miaka 70 na anaishi peke yake? Alitembelewa lini mara ya mwisho, na aliyekwenda aliingia hadi jikoni, au aliishia barazani?