Hamamu ya Mwembe Tayari: Msamiati wa Kuoga kama Msingi wa Usanifu

1. Utangulizi
Makala haya yanajadili jinsi hamamu ya umma ya kisasa, yenye kuchota mafunzo kutoka China, ingeweza kusanifiwa kwa ajili ya Mwembe Tayari, kisiwani Mombasa. Kwa miaka mingi mtaa huu umejulikana kwa soko lake na kwa mabasi ya safari za mbali. Hamali aliyeshinda juani, mchuuzi aliyeamka alfajiri na abiria aliyekesha njiani wote huhitaji mahali pa kuoga kwa heshima. Makala yanashikilia kwamba sehemu kuu za jengo kama hilo tayari zina majina katika Kiswahili, na kwamba majina hayo ndiyo yanayopaswa kumwongoza msanifu.

2. Mapokeo ya Wachina
Katika enzi ya Song (960–1279), miji ya China ilikuwa na mabafu ya kulipia ambayo alama yake ilikuwa mtungi ulioangikwa mlangoni. Baadaye mji wa Yangzhou ulisifika kwa desturi ya kunywa chai asubuhi na kuoga alasiri. Katika bafu la namna hii, mwogaji hupitia hatua maalumu: huvua nguo, hujitumbukiza katika maji moto pamoja na wenziwe, husuguliwa ngozi, kisha hujilaza na kunywa chai huku akizungumza. Filamu Xizao (1999) ya Zhang Yang inasawiri bafu kama hilo mjini Beijing likikabiliwa na ubomoaji, na pamoja nalo ujirani wa wazee waliokutana humo.

3. Mapokeo ya Waswahili
Neno hamamu limetokana na Kiarabu, na mtaa wa Hamamni, Unguja, ulipata jina lake kutokana na hamamu ya umma iliyojengwa zama za Sultani Barghash (1870–1888). Neno birika, nalo pia la asili ya Kiarabu, lina maana mbili: hodhi la maji ya kuogea na chombo cha kutilia chai au kahawa. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, bakuli la kauri la Kichina lilijengewa chini ya birika la chooni. Maji yalipopungua, samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu walibaki hai ndani ya bakuli hilo. Hivyo basi, China imo ndani ya bafu la Mswahili tangu zamani, lakini kwa kazi aliyoipanga Mswahili mwenyewe.

4. Usanifu Unaopendekezwa
Kwanza ni sitara. Hodhi la pamoja la Wachina haliwezi kuhamishwa lilivyo, kwa kuwa maadili ya Waislamu wa Pwani hayaruhusu watu kuoneana uchi. Panahitajika milango miwili, wa wanawake na wa wanaume, na vyumba vya mtu mmoja mmoja. Pili ni kata. Mombasa hutegemea maji kutoka bara, yakiwemo ya chemchemi za Mzima, na mgao wa maji ni jambo la kawaida. Kuoga kwa kata na ndoo hutumia maji kidogo. Maji ya mvua yakusanywe paani, yapashwe moto kwa jua, na yaliyokwisha kutumika yasafishie vyoo. Tatu ni baraza, ambapo mwogaji atapumzika kwa kahawa chungu, jinsi mwenziwe wa Yangzhou apumzikavyo kwa chai.

5. Hitimisho
Kipimo cha hamamu hii kitakuwa ada yake: iwapo hamali hataimudu, itakuwa hoteli kwa jina jingine. Iwapo ataimudu, birika na liangikwe mlangoni. Mchina ataitambua alama ya kale ya bafu, na Mswahili atajua kwamba ndani mna maji na kahawa.