Kozi ya Mtandaoni na Utendaji Kazini

Swali: Kwa nini wafanyakazi hufaulu kozi ya mtandaoni, lakini utendaji wao haubadiliki?

Jibu: Mara nyingi kosa huanza pale mwandaaji anapogeuza kitabu cha kanuni kuwa slaidi, ilhali alipaswa kwanza kubainisha tendo linalokosewa, kwa mfano karani wa benki asiyetambua kitambulisho cha kughushi, kisha kuijenga kozi nzima juu ya tendo hilo. Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa Marekani aliyeanza kuchapisha makala zake mwaka 1959, alitenganisha ngazi nne za tathmini, yaani mwitikio wa mwanafunzi, ujifunzaji, mwenendo kazini na matokeo kwa taasisi. Jaribio la mwisho hupima ngazi ya pili tu, na hata hiyo halipimi sawasawa iwapo majibu yanabahatishika. Aidha, mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba yaliyokaririwa husahaulika upesi, hivyo maswali mafupi yanayomlazimu mfanyakazi kukumbuka, yakitumwa kwa simu baada ya siku kadhaa na tena baada ya majuma, hufaa kuliko video ya saa nzima. Msimamizi naye apewe orodha fupi ya kukagulia tendo lenyewe kwenye kaunta.