SOMO LA KOMPYUTA: LAPTOPU YA ZAMANI NA MFUMO MPYA



Wanafunzi wetu wapenzi, pamoja nanyi wazazi na walezi mnaolisoma jarida hili majumbani. Somo letu safari hii linahusu kitu kilichomo katika nyumba nyingi za Kaole na Bagamoyo mjini: ile laptopu ya miaka minane au kumi, iliyonunuliwa mtumba Kariakoo au iliyoletwa na ndugu kutoka Dubai. Kaka mkubwa aliisomea mpaka akamaliza chuo, na sasa mdogo wake anaandikia kazi za shule. Inawaka na inafanya kazi, lakini kila mara kioo kinatoa tangazo kwamba mfumo wake umekwisha muda. Swali ni hili: tuitupe, tuiache kama ilivyo, au tuipandishe mfumo?

Kwanza tuelewe mfumo ni nini. Mfumo endeshi ni ile programu mama inayoamka mwanzo unapobonyeza kitufe cha kuwashia, kisha ikazisimamia programu nyingine zote. Programu ya kuandikia barua au ya kusikilizia Qur'ani haiwezi kuigusa diski wala spika mpaka ipitie kwake. Windows ni mfumo endeshi, Linux nayo ni mfumo endeshi.

Mifumo hii ina ajali yake. Windows XP iliyotoka mwaka 2001 iliachwa na watengenezaji wake tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ikafuata tarehe 14 Januari 2020. Windows 10, ambayo ndiyo imo katika nyingi ya laptopu tunazozizungumzia, ilifikia ukomo tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa watumiaji wa majumbani walipewa nafasi ya kujiandikisha kwa nyongeza ya mwaka mmoja, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kuachwa si kuzimika. Kompyuta itaendelea kuwaka kama kawaida. Ila likigunduliwa tundu jipya katika mfumo huo, hakuna tena wa kuliziba.

Mtu anaweza kusema, mimi sina siri wala fedha ndani ya kompyuta, nani atanitafuta? Basi tazameni yaliyotokea mwaka 2017. Mwezi Machi kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei, kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita katika tundu lile lile na kuingia kwenye kompyuta ambazo hazikutiwa kiraka. Kilikuwa kinayafunga mafaili ya mtu kwa kufuli la siri, kisha kinadai fedha ndipo kifungue. Polisi wa Umoja wa Ulaya walikadiria kuwa zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi 150 zilipatwa, na huko Uingereza hospitali ziliahirisha hata shughuli za upasuaji. Kirusi kile hakikumtafuta mtu kwa jina. Kiliingia popote kilipokuta mlango wazi. Na zingatieni kwamba dawa ilikuwapo tangu Machi, ila kompyuta hizo hazikuwa zimeipata.

Amana kwanza, mashine baadaye

Fundi mwenye haraka huanza kwa kuchomeka flashi na "kupiga Windows", kama wasemavyo mitaani. Sisi tutaanza na vilivyomo ndani, kwa sababu kuweka mfumo mpya mara nyingi huenda pamoja na kuifuta diski nzima.

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Ndani ya laptopu mna picha za harusi ya shangazi, vyeti vilivyopigwa skani, hesabu za duka, na sauti ya babu akisomesha darasa la tafsiri katika Ramadhani yake ya mwisho. Ilirekodiwa kwa simu ikahamishiwa humo kwa sababu simu ilijaa. Windows mtu ataipata popote. Sauti ile haipo popote isipokuwa hapo.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, toeni nakala mbili. Moja iwe kwenye diski ya nje, nyingine iwe mahali pengine kabisa, ama kwa ndugu wa Dar es Salaam ama kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nakala mbili zilizolala katika droo moja ni kama nakala moja, maana mwizi au maji ya mvua huzichukua zote. Wala msitegemee flashi peke yake. Flashi ni ya kusafirishia, si ghala. Mkishanakili, chomekeni diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na mfungue mafaili mawili matatu, msikilize na mtazame. Wengi hunakili folda, wakaja kugundua baadaye kuwa ndani yake hamna kitu. Na watu husahau kupekua sehemu hizi: vitu vilivyoachwa kwenye uso wa kioo, folda ya vilivyopakuliwa, na maneno ya siri yaliyohifadhiwa ndani ya programu ya intaneti.

Kama laptopu ni ya madrasa, kuna amana zaidi. Humo mna majina ya watoto, matokeo yao ya mitihani na namba za simu za wazazi. Haifai kumwachia fundi mashine ya namna hiyo usiku kucha ikiwa na kila kitu ndani. Toeni nakala, ondoeni orodha hizo, ndipo muipeleke. Au bora zaidi, mmoja wenu akae na fundi mpaka kazi iishe.

Herufi za Kiarabu

Hapa sisi watu wa madrasa tuna jambo letu ambalo vitabu vya kompyuta havilitaji sana. Walimu wetu wamechapa mitihani ya fiqhi, nyiradi na aya kwa miaka mingi, na kazi hizo zinaweza kuharibika baada ya kubadili mfumo bila ya mtu kutambua.

Siku hizi mifumo yote hutumia utaratibu mmoja uitwao Unicode, ambao unaipa kila herufi ya dunia namba yake. Alifu iliyochapwa kwenye Windows itabaki alifu kwenye Linux. Lakini umbo la herufi linatokana na fonti, na fonti ni faili linalokaa ndani ya mfumo. Likikosekana katika mfumo mpya, kompyuta huchukua fonti nyingine bila kuuliza. Mistari hupanda au kushuka, na irabu huweza kusogea mahali pake.

Zipo fonti ambazo tatizo lake ni kubwa kuliko hilo. Fonti za Msahafu wa Madina zilizotolewa na Jumba la Mfalme Fahd la kuchapisha Qur'ani zimetengenezwa faili moja kwa kila ukurasa, yaani mafaili 604, na ndani yake neno zima ni alama moja. Uzuri wake ni kwamba mwandiko unatoka kama ulivyo katika msahafu. Ubaya wake ni kwamba ukilikosa faili la ukurasa husika, aya inageuka vialama visivyosomeka. Na ikishikwa fonti ya ukurasa mwingine, yanatokea maneno ya ukurasa huo mwingine, yamekaa vizuri kabisa, na asiyehifadhi hatajua.

Dawa yake ni mambo matatu. Nakilini folda ya fonti pamoja na mafaili yenyewe. Kila kazi yenye aya ihifadhiwe pia katika PDF, kwa sababu PDF kwa kawaida huchukua fonti ndani yake. Na baada ya kupandisha mfumo, mtu aliyehifadhi akae na msahafu wa karatasi, alinganishe neno kwa neno kabla chochote hakijachapwa na kugawiwa watoto. Kwa kazi mpya, upo mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007, ambao hutoa bure maandishi ya Qur'ani ya Unicode yaliyohakikiwa. Ni bora kunakili kutoka huko kuliko kuchapa upya kwa mkono.

Kuipima mashine

Mafundi wa majahazi wa Bagamoyo hawatii kalafati kabla ya kugonga mbao. Ubao mzima hushika kalafati mpya, ubao uliooza haushiki. Nasi tuigonge mashine yetu kwanza.

Tazameni betri. Kama imevimba, sehemu ya vidole imeinuka au kifuniko hakikai sawa, zimeni, msiichaji tena, na mkatafute betri nyingine kabla ya kufikiria mfumo. Betri iliyovimba inaweza kuwaka moto. Kisha tazameni diski. Laptopu za zamani nyingi zina diski inayozunguka, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya uzito wao, kuliko hata prosesa. Kuibadilisha kwa diski ya SSD kunaifanya mashine ya miaka kumi iwake kwa muda mfupi sana. Wengi wetu tungefaidika zaidi kwa kununua diski hiyo kuliko kwa kubadili mfumo juu ya diski iliyochoka. Mwisho tazameni ramu. Chini ya GB 4 mtabanwa, na GB 8 ni raha. Sisi tunaoishi kando ya bahari tuongeze na jambo la chumvi: fundi akiifungua, aangalie kutu kwenye viunganishi na asafishe vumbi la feni.

Njia zilizopo

Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inataka GB 4 za ramu, diski ya GB 64, na kichipu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Inataka pia prosesa isiwe ya zamani. Kwa Intel ni kuanzia kizazi cha nane kwa jumla, ambacho kilianza kutoka mwaka 2017. Kama laptopu yenu inayo hayo na ina Windows 10 halali, kupanda ni bure, na njia ni kuingia kwenye mipangilio na kufuata maelekezo. Kama haina, wapo mafundi wanaojua kuilazimisha. Itakubali, lakini Microsoft haikuahidi kuzipa mashine hizo viraka, na viraka ndivyo tulivyokuwa tunavitafuta.

Njia ya pili ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Finland. Inagawiwa bure, na ruhusa ya kuitumia, kuinakili na hata kuibadilisha imeandikwa katika leseni yake. Ina matoleo mengi. Moja ni Ubuntu, lililotoka mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni ndugu wa neno letu "utu". Kwa laptopu kongwe ninapendelea Linux Mint ya aina ya Xfce, inayoweza kwenda hata kwa GB 2 za ramu, ingawa 4 ni afadhali. Ndani yake mna LibreOffice ya kuandikia, nayo hufungua mafaili ya Word, japo mpangilio unaweza kuhama kidogo. Microsoft Office yenyewe haiwekwi humo kwa njia ya kawaida, na printa za zamani nyingine hukataa.

Na suala la Windows ya kopi iliyovunjwa kufuli? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Kwa upande wa fiqhi, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya OIC, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, lilipitisha azimio namba 43 kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe kisheria na haifai kuzivamia. Ufafanuzi zaidi tuwaachie masheikh wetu. Mimi naongeza la kiufundi tu: programu za kuvunjia kufuli mara nyingi hukutaka kwanza uzime kinga ya virusi. Anayekuambia uzime taa ndipo aingie, kwa nini umwamini? Na kwa kuwa Linux ipo bure na kwa ruhusa, shida ya kuiba haipo. Kwa ruhusa ya namna hiyo hiyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweza mwaka 2004 kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili, bila kumwomba mtu.

Siku ya kazi

Faili la Linux Mint ni kama GB 3, basi lipakueni penye intaneti nzuri, mlihakiki kwa namba ya uhakiki iliyoandikwa kwenye tovuti yao, mliweke kwenye flashi ya GB 8 kwa programu maalumu ya kuandikia. Washeni laptopu kupitia flashi hiyo. Kitufe chake hutofautiana, Dell na Lenovo mara nyingi ni F12, HP ni F9. Uzuri wa Linux ni kwamba itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribuni hapo intaneti isiyo na waya, sauti, kamera na printa, hata kwa siku mbili. Ikiwafaa ndipo muiweke.

Angalieni yuniti za LUKU, na betri ijae, kwani umeme ukikatika katikati ya kuandika mfumo, kompyuta inaweza isiwake tena mpaka mrudie kazi yote. Kikitokea kioo kinachouliza kama mfute diski nzima, simameni hapo. Mmoja aende akaifungue tena ile nakala ya kwanza, aisikilize sauti ya babu, arudi aseme ipo. Ndipo mbonyeze.

ZOEZI

1. Tafuta katika laptopu ya nyumbani: toleo la mfumo wake, ukubwa wa ramu, aina ya diski na mwaka wa prosesa. Je, inastahili Windows 11?

2. Muulize mzazi ni mafaili gani matatu yasiyopatikana mahali pengine. Yana nakala ngapi, na ziko wapi?

3. Fungua faili moja lenye aya kwenye kompyuta mbili tofauti, ulinganishe na msahafu. Andika tofauti zote unazoziona, hata kama ni ya irabu moja.